Koleo Namba Sitini na Moja

Ruiru,
19 Januari 2026

Kwako Baba,

Koleo la marehemu mzee lilipotea Jumapili tarehe 11 Januari, kati ya saa tano tulipotoka kanisani na saa kumi nilipokwenda kufunga magunia ya Jumatatu. Nimeanza na hilo kwa sababu salamu hazijapotea, ziko hapa, na utazipata sasa.

Sisi hatujambo. Cucu yako Waruguru anakula vizuri na analalamika vizuri. Tangu uende chuo cha forodha ananiuliza kila jioni kama mume wake amepata chakula. Namwambia huyo ni mjukuu wako, mume wako tulimzika 2003. Anasema, "Jina ni la nani?" Naye ana haki, maana hata mimi nakuita Baba tangu ulipokuwa unatambaa. Kaka yangu Ngigi alipokupa jina la Zacharia Njau alinipa baba yangu mara ya pili, akiwa na uzito wa kilo tatu na nusu. Ndiyo desturi yetu, siilalamikii. Ila baba wa kwanza hakuwa mtu wa kuchukua kitu bila kusema.

Sasa koleo. Unalijua, lakini nitalieleza ili kusiwe na kisingizio. Mkono mmoja umepinda. Mdomoni lina namba 61 na alama nyingine iliyofutika, ya zile siku forodha ya Kenya, Uganda na Tanzania ilikuwa moja. Mzee alikuja nalo 1977 Jumuiya ilipovunjika, akasema alipewa kwa kazi nzuri. Yeye alilitundika ukutani. Mimi nililitoa ukutani nikalitia kazini. Gunia la chakula cha kuku likijaa, nafunga shingo na waya, waya unapita kwa kidonge cha risasi, nabana na koleo, na 61 inatokea. Hiyo ndiyo sili yangu. Mtu hawezi kufungua gunia njiani atie mchanga halafu alifunge tena, labda awe na koleo. Kutoka hapa hadi Kamakis kuna watengenezaji kumi na mmoja wa chakula cha kuku. Kumi wanashona na uzi.

Sasa ni kumi na mmoja. Nilikuwa nauza magunia mia tatu na arobaini kwa wiki. Wiki iliyopita nimeuza mia mbili na kumi na mbili. Wateja wanapapasa shingo ya gunia, wanakosa kidonge, wanaondoka wakisema watarudi.

Ufunguo wa stoo uko na watu watatu: mimi, wewe, na Nzioki anayeshona magunia matupu. Mimi najijua. Wewe ulikuwa unapanga sanduku. Toa wawili kwa watatu. Kwa hivyo nakuuliza: Jumapili hiyo ulimwona Nzioki karibu na stoo?

Soma kwa bidii. Vijana wangapi walikimbia siku ile ya kuandikishwa, wakapimwa urefu wakahesabiwa meno, na wakarudi nyumbani na meno yao? Wewe uliulizwa kama kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuwa kastamu, afisa wa forodha, ukasema Guka, babu yako, na wakatabasamu. Usiniaibishe. Usimwaibishe mwenye jina.

Ni mimi shangazi yako na binti yako,
Rachael Waithira


Chuoni,
8 Februari 2026

Tata mpendwa,

Habari ya huko? Hapa tunafundishwa kuandika "natumai barua hii inakukuta salama," kwa hivyo natumai. Mimi niko poa. Simu zetu zilichukuliwa siku ya kwanza, zikatiwa kwa gunia, na gunia likapigwa sili. Nilicheka kidogo. Nikazungushwa uwanja hadi nikaacha.

Mwambie Cucu chakula kipo. Uji alfajiri, maharagwe mchana, na usiku yale maharagwe ya mchana. Nimepungua lakini wanasema kilichopungua hakikuwa changu.

Kwa hesabu za ushuru naongoza darasa. Mwalimu aliuliza nimesomea wapi asilimia, nikamwambia kwa shangazi yangu, kati ya mahindi na omena. Historia pia naipenda. Mwalimu wake ni afisa mstaafu, anaongea polepole kama mtu anayepekua sanduku. Ametutoa Pwani, wakati kampuni ya Waingereza ilikodi forodha ya Sultani, akatuleta hadi nchi tatu zikiwa na forodha moja, kisha 1977 ikakatwa kama mkate. Alisema kwa kituo alichokuwa yeye, kuandikwa kwa forodha mpya ya Kenya hakukuwa na kukimbia. Walipanga mstari watu ambao tayari wako kazini, kila mmoja na vifaa alivyokabidhiwa. Vikihesabiwa vikatimia, umevuka. Vikipungua, asante kwa kazi yako, nenda nyumbani. Alisema ndiyo rikruti fupi zaidi aliyowahi kuona.

Nilitaka kukuuliza. Guka alikuwa kituo gani wakati huo? Na wale kuku wa Krismasi uliosema ulikuwa unapeleka Makongeni, Thika, ukiwa msichana, walikuwa wa nani? Nauliza tu, ni mambo ya darasa.

Nimepata rafiki anaitwa Cindy Aketch. Tulijuana kwa foleni siku ya kukimbia. Kwao ni huko huko Makongeni. Ananishinda mbio. Tafadhali usianze kuhesabu mbuzi.

Koleo litaonekana. Nzioki si mtu wa hivyo. Usimfukuze mtu, Tata.

Wako,
Njau


Ruiru,
20 Februari 2026

Kwako Baba,

Tumepokea barua yako na tumefurahi. Goti la Cucu limerudi kusumbua. Kanisa limepata mabati mapya, na mvua ya kwanza imeonyesha ni upande upi haukupata misumari. Mengine ni mazuri.

Barua yako ina kurasa mbili. Historia imekula moja na nusu. Cindy amepata aya nzima, na mbio zake. Koleo limepata mistari miwili, na mstari wa pili ni wa kunipa amri. Nimekaa kwa biashara miaka mingi, Baba. Mtu asiyejua kitu kiko wapi huuliza, "Umetafuta chini ya mashine?" Wewe hukuuliza nimetafuta wapi. Hukushangaa hata kidogo. Uliniambia litaonekana, kama mtu anayeniambia mvua itanyesha naye ameshika bomba la maji.

Kuhusu Nzioki, amri yako imechelewa. Nilimtuma nyumbani Jumamosi tarehe 31 Januari, mbele ya wenzake. Alivua aproni, akachoma sindano yake kubwa kwa gunia alilokuwa analishona, akaenda. Mke wake Syokau tunaimba naye kwaya. Jumapili alisimama mwisho mwingine wa mstari.

Sasa majibu ya darasa lako. Guka alikuwa mpakani, kile kituo cha Namanga, malori yalilala hapo siku tatu yakingoja sahihi. Kuku ni kweli. Nilianza kuwapeleka nikiwa na miaka kumi na tatu, kila Krismasi hadi nilipoolewa. Jogoo mmoja, miguu imefungwa. Nilipewa mlango nikaambiwa bisha, mwachie atakayefungua, usikubali chai, rudi. Alikuwa anafungua mzee mrefu. Hatukuwahi kuulizana jina.

Nilimuuliza Cucu jana wale kuku walikuwa wa nani. Alinitazama akasema, "Kuku ni kuku." Kisha akataka chai, naye alikuwa ameishika mkononi.

Kwa hivyo nyumba hii yote mnajua jambo isipokuwa mimi ninayelipa bili yake ya stima. Nakuuliza bila kuzunguka. Unalo au huna?

Ni mimi,
Waithira


Chuoni,
15 Machi 2026

Tata,

Habari ya nyumbani. Barua yako ilifika tukiwa msituni kwa mazoezi, na huko kalamu hairuhusiwi, sijui kwa nini. Mpe Cucu pole ya goti. Mwambie mume wake amejifunza kupiga pasi, na mstari wa suruali unasimama wenyewe.

Nimesoma pale ulipoandika habari ya Nzioki mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mrudishe. Si yeye. Koleo nililichukua mimi.

Ile siku ya kukimbia, mwaka jana, tulikuwa kwa foleni tangu giza. Mbele yangu alikuwa Cindy. Foleni ikiwa refu watu huongea. Nikamwambia babu yangu alikuwa kastamu na nimemwandika kwa fomu, pale wanapouliza kuhusu jamaa waliohudumu. Akasema babu yake pia, lakini kwao wamemwambia aandike "hapana." Nikamuuliza mbona. Akasema babu yake, Mzee Boaz Okello, ndiye alikuwa mtunza vifaa mpakani. Jumuiya ilipovunjika wakahesabu, koleo moja la sili likakosekana. Yeye ndiye alikuwa amelitilia sahihi. Hakuvuka. Akaja Thika akapakia makreti kiwandani hadi mgongo ukakataa. Cindy alisema hayo kama mtu anayesema kwao wanaota mvi mapema.

Nikamuuliza kwa mzaha, namba gani? Akasema, "Sitini na moja. Kwetu hakuna mtu anaweza kuichagua hata kwa bahati nasibu."

Nikauliza kituo. Akakitaja. Tata, nilikimbia kilomita tano baada ya hapo na hakuna hata moja ninayoikumbuka.

Halafu kwa mahojiano wakaniuliza kuhusu Guka, na nikasema. Nilisema vizuri. Kwa fomu nilikuwa nimeandika "alihudumu kwa uaminifu." Walitabasamu, kama ulivyosema. Cindy alipita kwa miguu yake tu.

Ile Jumapili, ukiwapa chai wamama wa kanisa, nililifunga koleo kwa gazeti nikapanda gari hadi Thika. Mlango nilielekezwa na watoto. Mzee alifungua mwenyewe. Niliweka gazeti mezani. Akaniuliza nimetumwa na nani. Nikasema, "Nimetumwa tu." Nikatoka kabla hajalifungua. Kesho yake nikaripoti chuoni.

Sikusema jina. Cindy hajui kijana mwenye gazeti alikuwa mimi. Hapa hakuna anayejua kitu. Koleo limerudi kwa mwenyewe, jambo limekwisha. Tafadhali, usiende huko.

Njau


Ruiru,
30 Machi 2026

Kwako Baba,

Salamu. Goti ni afadhali. Mabati yamepata misumari.

Nimemrudisha Nzioki. Nilikwenda kwake nikamwambia nilikosea. Alinisikiliza, akaniuliza kwa upole kabisa kama nitasema tena kazini wakati wa chai, kwa sababu alifukuzwa mbele ya watu saba na angetaka kurudi mbele ya watu saba. Nikasema sawa. Mmoja alikuwa mgonjwa, tukamngoja hadi Alhamisi. Nikasema mbele ya saba. Nzioki akavaa aproni, akaendelea na gunia. Jumapili Syokau alisimama karibu nami, ingawa aliimba kwa sauti ya juu kidogo kuliko lazima.

Kisha nikaenda Makongeni. Uliniomba nisiende. Ulipoandika kwamba mlango ulielekezwa na watoto ulitegemea niende wapi, kwenye maporomoko ya Chania kupigwa picha?

Sikuhitaji watoto. Ni ule mlango wangu wa kuku, umepakwa rangi tu. Mzee Okello ana miaka themanini na sita na bado anainama kupita mlangoni kwake. Kabla hajanikaribisha niliona kupitia uani gunia langu la leyasi, chakula cha kuku wa mayai, na kuku zake wanene. Koleo lilikuwa mezani juu ya kitambaa. Amelipaka mafuta. Mkono uliopinda ameunyoosha.

Nikajitambulisha: natoka Ruiru, natengeneza chakula cha kuku. Akasema anajua, mpakani kulikuwa na mtu mmoja tu wa Ruiru. Akaingia ndani akarudi na mkebe wa kakao, akaumwaga mezani. Sili, Baba. Vidonge vyangu vya risasi, kila kimoja 61. Amekuwa akinunua tangu duka la pale nje lilipoanza kuleta magunia yangu. Cha kwanza alidhani ni macho. Akanunua gunia la pili kuhakikisha. Baadaye hakuwa anahakikisha, alikuwa analisha kuku tu, lakini aliendelea kuviweka.

Nilimuuliza mbona hakuja miaka yote hiyo. Akasema, "Chakula kilikuwa kizuri. Na gunia lilikuwa kilo sabini kamili, nililipima. Ningekuja kusema nini? Kwamba Njau ni mwizi, na yeye yuko kaburini?"

Nikamwomba koleo. Ndiyo, niliomba, nina biashara. Akalivuta upande wake wa meza bila haraka. Akanitazama sana, akasema, "Wewe ndiye yule msichana wa kuku."

Nikasema ndiye.

"Watu wa nyumba yenu," akasema. "Mwaka baada ya mwaka, kuku bila jina. Tulimla, alikuwa mtamu. Sasa kijana analeta koleo, pia bila jina. Siku nikifa mtaleta maua, na yale pia hayatakuwa na jina."

Akaendelea kwa sauti ile ile. Alisema yeye na baba yangu walikuwa wakila sufuria moja mpakani. Siku ya kuhesabu vifaa Njau alisimama nyuma yake kwa mstari akamwona akikosa. Hataki pesa, na hataandikia ofisi yoyote, hayo ameyazeekea. Anataka kitu kimoja. "Mtu aje hapa, mbele ya watu wa nyumba hii walionijua kama mtu aliyepoteza mali ya serikali, aseme: mimi ni Njau, nililichukua mimi."

Nikamwambia Njau amekufa.

"Kwenu Njau hafi," akasema. "Namjua. Aliniletea gazeti hapa mwezi wa kwanza. Masikio ni yale yale."

Nilirudi nikamweleza Cucu yote. Aliusukuma ugali kando. Halafu akasema, "Aliniambia mali inagawanywa kwa nchi tatu na yeye hajapewa hata msumari." Mzee aliliweka koleo kwa mfuko wa vifaa vya baiskeli. Hakujua Okello ndiye amelitilia sahihi, alijua siku ya kuhesabu. Na siku hiyo vyake vilikuwa vimetimia. Akavuka, akafanya kazi hadi kustaafu. Kuku walikuwa wa Cucu. Mzee hakuwahi kuuliza jogoo wa Krismasi ameenda wapi.

Sasa umesikia anachotaka. Niandikie utakuja lini.

Waithira


Chuoni,
14 Aprili 2026

Tata mpendwa,

Natumai nyote ni wazima. Hapa tunajiandaa kwa gwaride la kuhitimu, tarehe 8 Mei, kadi zenu ziko tayari, yako na ya Cucu. Tumepimwa sare. Kofia yangu ilikuwa kubwa wakaibadilisha. Tumepangwa kwa urefu, na kulia kwangu ni Cindy. Ana urefu wa babu yake. Nikigeuza macho kulia, ndiye namwona.

Kuhusu lile jambo. Nimelifikiria, na nakuomba ufikirie nami. Sisi ni wa majaribio miaka miwili. Afisa wa majaribio anaulizwa uaminifu kabla ya kuulizwa kitu kingine. Mimi nimeandika kwa fomu neno lile, kwa mkono wangu, na kwa mahojiano nikalirudia nikijua habari ya namba 61. Mtu mmoja akilisikia, limesikika na wote. Halafu Cindy. Yeye aliandika "hapana" pale ambapo mimi niliandika nusu ukurasa.

Sikatai. Nasema wakati. Niruhusu nimalize miaka miwili, nithibitishwe, niende kwa mzee nikiwa mtu kamili. Au wewe useme. Wewe ni mtoto wake wa kumzaa, una sauti, na ulishasema mbele ya watu saba, una mazoezi. Au nitamwandikia Mzee Okello barua nzuri.

Mimi sikuiba kitu, Tata. Nilizaliwa 2001.

Mpe Cucu salamu zangu.

Njau


Ruiru,
28 Aprili 2026

Kwako,

Leo sijaandika Baba, hadi nijue naandikia nani.

Tuko wazima. Cucu amenunua viatu vya tarehe nane na anavivaa ndani ya nyumba kuvizoesha, au kuzoesha goti, moja kati ya hayo. Nzioki anakusalimu. Hakusema zaidi.

Nimenunua koleo jipya Nairobi. Limeandikwa namba 1. Wateja walilitazama wiki ya kwanza kama noti mpya, sasa wamezoea, tumerudi magunia mia mbili na themanini na yanapanda. Nakwambia hivyo ili usidhani naandika kwa sababu ya lile la zamani. Lile si letu na siliombi tena.

Jibu la barua yako ni fupi. Miaka miwili, kwa mtu wa themanini na sita, ni hesabu unayoijua, wewe unayeongoza darasa. Na hata hiyo hatuna. Mtoto wa Mzee Okello amekuja kumchukua akakae naye Yala. Jumapili hii tarehe 3 Mei asubuhi wanaondoka, na kuku wanauzwa. Mzee hatarudi Thika. Jumamosi mna ruhusa ya kutoka, kuanzia saa tatu hadi saa kumi, na Cindy ameshaandikia kwao kwamba atakuja kumuaga. Watu wote aliowataja watakuwa kwa chumba kimoja, mara moja, na meza ile.

Mimi siwezi kusema kwa niaba ya Njau. Nilipewa jina la mama yake mama, na yeye alikuwa mtu wa kulima viazi, hakuchukua kitu cha mtu. Nikisema mimi ni Njau, Mzee Okello atacheka, na atakuwa na haki. Barua nzuri pia hataki. Ameshapokea vitu vya kutosha mlangoni.

Ni kweli ulizaliwa 2001. Lakini siku hiyo hiyo ulianza kupokea. Cucu alikupa kiti cha mume wake. Mimi nilikuita Baba mbele ya wazee wenye mvi. Ukiwa na miaka sita ulipewa nyama ya watu wazima, na hukusema mimi ni mtoto. Kwa foleni ulisema Guka, kwa fomu ukasema Guka, kwa mahojiano ukasema Guka, na wakatabasamu. Jina hili si Jumuiya, halikatwi vipande ukachukua cha faida ukamwachia mwingine cha sahihi.

Kuhusu Cindy, sijui atasema nini. Najua atajua tu, maana babu yake ameyaona masikio, na tarehe nane atakuwa kwa televisheni huko Yala akitazama mstari wenu. Afadhali habari azisikie kwako kuliko kuzisikia kuhusu wewe.

Kuhusu kazi, sikudanganyi kwamba hakuna hatari. Wakikuita, waeleze ulivyonieleza. Wakikufukuza, mashine ya pili ya kuchanganya inataka mtu wa asilimia, na hapa hatuli maharagwe mara mbili.

Barua hii anaileta Kyengo, yule wa mayai. Kesho Jumatano anashusha trei kwa jiko la chuo chenu, na nimemwambia akuite mlangoni akungoje. Usiandike kurasa. Andika mstari mmoja hapo hapo. Kama utakuja, uanze na "Mwanangu," na Jumamosi saa tatu nitakuwa kwa geti lenu na pikapu, na Cucu ndani yake na viatu vyake. Kama hutakuja, uanze na "Tata." Nitaelewa. Nitakwenda Makongeni peke yangu na jogoo, nitasema jina langu mlangoni, na kuanzia hapo nitajua baba yangu alikufa 2003.

Kyengo anaondoka saa nne kamili asubuhi, na hatangoja maana mayai hayangoji. Kabla ya saa nne, nijibu: unakuja au huji?

Waithira wa Njau